Kuwa na adabu sio kujificha

Leo tunaandika na hasira kidogo. Mtuvumilie na msome mpaka mwisho, maana hasira yenyewe tumeigawa: kuna fungu la wakubwa wetu, kuna fungu la wafanyakazi wa mashirika, na kuna fungu letu sisi vijana. Hakuna atakayeondoka hapa mikono mitupu.

Jambo ni hili. Majuzi wachache wetu tulikaa kwenye kikao cha maelekezo kwa vijana waliofika Kampala karibuni. Hatusemi kiliandaliwa na nani, kwa sababu maneno hayo hayo tumeyasikia sehemu nyingi. Soda zilikuwepo, karatasi kubwa ilibandikwa ukutani, na mwezeshaji akaandika kwa kalamu nyekundu mambo ya kuepuka mtu akiwa hadharani. Usigeuze kofia nyuma. Usivae miwani ya jua. Usiweke iyafoni masikioni. Usitembee na begi kubwa mgongoni. Ndani ya taksi usiongee na simu kwa lugha yenu. Kisha akafunika kalamu, akatuangalia kwa huruma kabisa, akasema: "Cha muhimu, mkiwa mjini msijulikane."

Msijulikane. Neno hilo ndilo lilitukaa kooni. Soda tulimaliza, neno bado.

Mtu asituelewe vibaya. Hatuji hapa kutetea fujo. Kwenye ile orodha kuna mambo ya kweli, na mengine tutayatetea kwa nguvu kuliko mwezeshaji mwenyewe. Tunachokataa ni sababu aliyotoa. Adabu inafundishwa kwa sababu pembeni yako kuna mtu mwingine mwenye masikio, mwenye magoti, mwenye siri zake. Mtu akikufundisha kwamba adabu ni ili usionekane, huyo hajakufundisha adabu, amekufundisha woga. Na woga ukiuzoea, unaanza kuamini kwamba kweli una kosa.

Basi tuvichukue vitu vyenyewe kimoja kimoja.

Tuanze na begi. Taksi ya Kampala, ile nyeupe yenye miraba ya bluu, ina leseni ya abiria 14, na sote tunajua siku nyingine mnakaa wangapi. Ukiingia na begi mgongoni halafu ukageuka kumtafuta kondakta, begi linampiga mama wa watu usoni. Ukikaa nalo mgongoni unakula nafasi ya mtu na nusu kwa nauli ya mtu mmoja. Kwa hiyo livue kabla ya kupanda, liweke mapajani. Hiyo ni adabu, na tena inakusaidia mwenyewe, maana ukipita pale paki ya zamani na begi nyuma, unawatembezea wezi duka lisilo na mwenyewe. Hapo tuko pamoja na mwezeshaji. Lakini yeye alisema begi kubwa linaonyesha kwamba umeshuka jana kwenye basi la Kisoro. Sasa kama kweli tumeshuka kwenye basi la Kisoro? Ndani ya lile begi kuna suruali mbili, cheti cha shule na picha ya nyumbani. Tutaliweka mapajani. Kulionea haya, hapana.

Kofia. Tunajua kofia inavuliwa wapi. Wanaume wanavua wakiingia kanisani, tunavua wimbo wa taifa ukiimbwa, tunavua tukienda kumsalimia mzee wa watu nyumbani kwake. Ndugu zetu Waislamu wana kofia ambayo haivuliwi kuonyesha heshima, inavaliwa kuonyesha heshima. Umeona? Hata kofia tu haina amri moja. Kapelo iliyogeuzwa nyuma barabarani Kabalagala haimdhuru mtu yeyote. Nusu ya vijana Waganda wanaivaa hivyo hivyo, na hatujaona kikao cha maelekezo kwa ajili yao.

Miwani ya jua ni ya jua. Ukikutana na mtu mzima, inyanyue kidogo akuone macho, msalimie, uirudishe. Ndani ya nyumba ya mtu, ivue. Lakini kati yetu kuna wenye macho yaliyoumizwa. Kuna dada ana kovu kichwani na hataki kuulizwa habari zake kila anapopanda boda, ndiyo maana kofia haitoki. Ukiona mtu hajavua, hesabu kwanza kwamba ana sababu, kabla ya kuhesabu kwamba hana adabu. Mwenzetu mmoja alisimamishwa mlangoni mwa ofisi fulani na askari wa getini: "Toa iyafoni, unaingia ofisini!" Akajaribu kueleza, askari akapandisha sauti. Kile kilichokuwa sikioni ni kifaa cha kusikia. Yaani alikuwa anaambiwa akitoe ili asikie vizuri. Tulicheka baadaye, lakini siku ile yeye hakucheka, na foleni nzima ilikuwa imeshamgeukia.

Sasa iyafoni zenyewe. Hapa fungu letu linaanza, vijana wenzetu, msikimbie.

Iyafoni masikioni ni sawa. Ni sawa kabisa. Ila ukimlipa kondakta, toa moja. Ukimuuliza mtu njia, toa zote mbili. Ukisalimiwa na mzee huwezi kumjibu kwa kichwa kama mjusi. Ukivuka barabara, sikio moja libaki wazi, maana boda ya Kampala haiji upande mmoja tu. Na wewe unayeendesha boda (tunajua wapo kati yetu), abiria anakuambia "punguza mwendo" na wewe uko kwenye muziki. Roho yake iko mgongoni kwako, kaka. Toa hizo vitu.

Lakini kuna kosa kubwa kuliko kuvaa iyafoni, nalo ni kutozivaa mahali zinapohitajika. Tunazungumzia spika. Tunazungumzia zile voisi, ujumbe wa sauti wa WhatsApp, mtu anaubonyeza katikati ya taksi iliyojaa, sauti mpaka mwisho, na sisi wote kuanzia kwa dereva tunaingia sebuleni kwao bila kubisha hodi. Ukimwambia apunguze anajibu: "Kwani simu ni ya nani?"

Simu ni yako. Sauti sio yako. Ndiyo tunachotaka kusema leo, na tutawaeleza tulivyojifunza.

Tunasimulia haya kwa ruhusa ya mwenyewe, na tumebadilisha mambo mawili matatu kwa sababu yeye ndiye ametuomba. Ilikuwa mwanzoni mwa 2025. Goma ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu ikafuata Februari. Mnazikumbuka wiki zile. Sote tuliishi kwa kuangalia tiki. Unatuma "mko salama?" unaona tiki moja ya kijivu, unalala nayo, unaamka nayo. Dada yetu huyu alikuwa kwenye taksi kutoka Nsambya kwenda mjini, amekaa kiti cha nyuma, begi mapajani kama inavyotakiwa. Ikaingia voisi kutoka kwa shangazi yake, baada ya siku sita za kimya. Wewe ungefanya nini? Alibonyeza. Sauti ilikuwa juu kabisa kwa sababu nyumbani husikiliza pamoja na mama yake ambaye masikio yake hayasikii vizuri.

Shangazi alisema kila kitu kwa pumzi moja. Kwamba baba hayupo tena. Mtaa gani, siku gani, nani alisaidia kuzika. Kwamba mdogo wake wa kiume amevuka, atafikia kwa fulani, sehemu fulani hapa Kampala, na wale waliokuwa wanamtafuta bado wanauliza.

Taksi nzima ilisikia. Dereva alizima redio. Mama mmoja Mganda, mwenye kapu la nyanya, ambaye hakuelewa hata neno moja la ule ujumbe lakini alielewa kilio, aliichukua ile simu mkononi mwake taratibu, akabonyeza-bonyeza mpaka ikanyamaza, akamshika bega akawa anarudia "kitalo nnyo, kitalo nnyo" mpaka mjini. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Hakuna aliyesema rudini kwenu. Kondakta hakuomba nauli njiani. Aliomba waliposhuka, naye ni kondakta, lakini aliomba kwa sauti ya chini.

Tungependa kisa kiishie hapo, kwenye bega na nyanya. Hakikuishia hapo. Siku chache baadaye mtu ambaye dada huyu hamfahamu alimsimamisha jirani yao akamuuliza: "Yule kijana aliyevuka juzi, ni kweli yuko sehemu fulani?" Akataja sehemu yenyewe. Basi kwenye ile taksi kulikuwa na abiria mwingine anayejua Kiswahili. Labda alikuwa mtu mwema tu mwenye mdomo mrefu. Labda hapana. Nani angekaa kungoja kujua? Kijana alihamishwa usiku ule ule, godoro likabaki, na mpaka leo mama yake anamwona mara chache.

Sasa turudi kwa mwezeshaji na orodha yake. Kwa mujibu wa ile orodha, kosa lilikuwa lugha. Lakini Kiswahili hakikumdhuru dada huyu. Machozi yake hayakumdhuru. Waganda waliokuwa ndani ya taksi hawakumdhuru, walimbeba. Kilichodhuru ni spika. Ule ujumbe ulikuwa na majina ya watu wanne ambao hawakuwa ndani ya taksi na hawakuulizwa.

Ndiyo maana tunasema sauti sio yako. Wakubwa wetu watakumbuka mambo ya barua. Bibi asiyejua kusoma akipata barua, aliipeleka kwa mtu anayemwamini, mwalimu au mtoto wa jirani aliyetulia. Waliingia ndani, mlango ukarudishwa, barua ikasomwa kwa sauti ya kutosha watu wawili. Na yule msomaji alijua kwamba akitoka pale mdomo wake umefungwa. Hakuna aliyesimama sokoni akapaza barua ya mtu kama muuza dawa ya panya. Voisi ni barua ya mama zetu. Wengi wao hawaandiki, wanaongea. Wanatuambia mambo wakidhani wanatunong'oneza sikioni, kumbe tumewapandisha kwenye taksi ya Nsambya.

Kwa hiyo, wenzetu, mambo ya kufanya ni rahisi. Voisi ikiingia ukiwa hadharani, usibonyeze kwa spika. Iweke simu sikioni kama unapiga simu ya kawaida: WhatsApp yenyewe inahamisha sauti kutoka spika kubwa kwenda ile ndogo ya sikioni. Wengi wetu hatukujua mpaka mwaka huu, tusidanganyane. Kama una iyafoni, tumia. Zile za elfu tano zinauzwa mpaka dirishani mwa taksi, na ukibembeleza zinashuka bei. Kama simu yako imeharibika na inatoa sauti kwa spika tu, ngoja ushuke. Dakika ishirini hazitabadilisha habari, lakini zitabadilisha nani ameisikia. Na wewe unayetuma: kama unataja mahali mtu alipo, kuna ujumbe wa sauti wa kusikilizwa mara moja tu, baada ya hapo unapotea. Au anza na onyo: "Hii sikiliza ukiwa peke yako." Maneno matano tu. Shangazi yule angeyasema, dada yetu angengoja. Na video je? Ukimpigia mtu video kwenye boda au kwenye foleni, sura za watu nyuma yako zinaingia. Kuna mtu kwenye ile foleni ambaye hakuna anayepaswa kujua kwamba yuko Kampala. Geuza kamera ielekee ukuta.

Hiyo ndiyo adabu, na haina uhusiano wowote na kujificha kwa Waganda. Tunawatunza watu wetu, na tunawapunguzia abiria wenzetu mizigo ambayo hawakuiomba.

Fungu la wakubwa wetu sasa, kwa heshima zote. Mama zetu, baba zetu, mayaya zetu: mnatuambia tusiongee Kiswahili ndani ya taksi. Tunajua mnatoka wapi na hilo. Na tunajua pia kwamba Kiswahili hapa Uganda kina kumbukumbu yake. Kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya jeshi na polisi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kuna wazee hapa mjini ambao walikisikia mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Mzee kama huyo akikaa mbele yako usiku, na wewe nyuma yake unapiga kelele za Kiswahili kwenye simu, moyo wake unaruka hata kabla hajakuona. Kulijua hilo ni adabu. Kwa hiyo tunashusha sauti, tunasema "ssebo" na "nyabo", tunajifunza Luganda kidogo kidogo mpaka tuweze kuomba kushushwa bila kumpigia kondakta mabega.

Lakini kushusha sauti sio kumeza ulimi. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, ikasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kianze kutumika hivyo. Kijana anayeongea Kiswahili kwa sauti ya kawaida kwenye taksi ya Kampala anaongea lugha rasmi ya nchi aliyomo. Na anayeongea Kisomali, Kitigrinya au Kinyarwanda na mama yake, kwa sauti ya watu wawili, naye hajamkosea mtu. Msitufundishe kuwa bubu halafu mkashangaa kwamba hatuongei hata nyumbani.

Zamu yenu sasa, wafanyakazi wa mashirika. Mnasoma maandiko yetu, mnayasambaza, tunashukuru. Msipitishe haraka sehemu hii.

Mnatufundisha adabu ya vitu tunavyovaa na kubeba. Basi na nyie mna vyenu. Mna kitambulisho chenye kamba shingoni. Mna jaketi lenye nembo mgongoni. Mna tableti, mna simu mbili, mna miwani ya jua juu ya kichwa.

Mkija kututembelea nyumbani, mnaingia na lile jaketi kuanzia barabarani. Mnapita kwa muuza chapati, mnamuuliza kwa sauti, "Yule mkimbizi anakaa wapi?" Mnafika, mnakaa dakika kumi, mnaondoka. Sisi tunabaki. Jioni mwenye nyumba anakuja: kumbe mnapata dola, kumbe wazungu wanawasaidia, basi mwezi ujao kodi inapanda. Dola zipi? Mnajua vizuri kuliko sisi kwamba mkimbizi aliyechagua kuishi mjini anategemewa kujitegemea, na chakula cha msaada kinagawiwa kwenye makazi kama Nakivale na Kyaka II, sio Katwe. Ninyi mmeondoka na fomu iliyojaa, sisi tumebakiwa na kodi iliyopanda. Hatusemi mfiche kitambulisho. Tunakihitaji, maana matapeli wapo, na kila anayejiita wa shirika lazima atuonyeshe. Tunasema kionyesheni mlangoni. Njiani kiwe mfukoni, jaketi liwe kwenye begi. Piga simu kwanza uulize: "Nije nimevaa nini?" Hilo swali hatujawahi kuulizwa hata siku moja.

Kwenye mahojiano mnatuuliza siku mbaya kuliko zote za maisha yetu. Tableti tunaielewa, majibu lazima yaandikwe. Lakini mtu anayesimulia alivyompoteza mtoto, huku anayemsikiliza ana iyafoni moja sikioni na ile simu ya pili inawaka mezani kila dakika, huyo msimuliaji anafupisha. Anaruka mambo. Halafu baadaye faili inasema maelezo yake hayakukamilika. Igeuzeni simu uso chini, toeni hiyo ya sikioni, waambieni mapema: "Nitaangalia tableti kwa sababu naandika, sio kwamba sikusikilizi." Inatosha.

Na simu zenu wenyewe, tafadhali! Tumewasikia. Tumekaa meza ya pembeni Kansanga tukawasikia mkijadili kesi ya mtu kwa spika, jina, nchi, ugonjwa, huku mkingoja chakula. Mnadhani anayewahudumia haelewi Kiingereza? Sisi tukiweka voisi kwa spika ni ujinga wa familia. Nyinyi mkifanya hivyo mnamwaga siri ya mtu ambaye hana njia ya kukataa kuwapa.

Picha tumeziacha mwisho maana zinatuchosha. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Inataka mtu akubali kabla taarifa zake hazijachukuliwa, na sura ya mtu ni taarifa pia. Kukubali sio kunyoosha mkono juu ukumbini wakati sabuni zinangoja kugawiwa. Nani atakataa mbele ya sabuni? Ombeni ruhusa siku ambayo hamkuleta kitu. Elezeni picha inakwenda wapi, na mtu akisema hapana, apate sabuni yake kama wengine, bila jicho.

Tunajua kuna watakaosema: vijana, watu wanalala njaa, kadi za ukimbizi zinachelewa, na nyie mnaandika habari za iyafoni? Ndiyo, tunaandika. Sisi ambao nyumba tuliziacha, simu ndiyo nyumba yetu iliyobaki. Ndani yake kuna sauti ya bibi, picha ya cheti, namba ya wakili, ujumbe wa mwisho wa baba. Kinachotoka kwenye simu ya mkimbizi kimetoka chumbani kwake. Na mwenye njaa naye ana siri. Njaa haijampunguzia haki ya kuulizwa kabla ya kupigwa picha.

Wengine watasema ukweli wa mjini ni kwamba anayejulikana kuwa mgeni anapandishiwa bei, anaibiwa, anasumbuliwa. Ni kweli, na imetupata. Ndiyo maana hatumlaumu mtu anayechagua kunyamaza, kuvua kofia, kupita kimya kimya. Kuna siku sisi pia tunafanya hivyo. Dada yetu ametuomba tumfiche kwenye andiko hili na tumemficha. Kutojulikana ni haki yake akiichagua mwenyewe. Tunachokataa ni kufundishwa darasani, kwa kalamu nyekundu, kwamba ndiyo tabia njema.

Basi kwenye kikundi chetu tumekubaliana, na yeyote anayetaka achukue. Begi mapajani. Sikio moja wazi barabarani, yote mawili mbele ya mtu mzima. Miwani juu wakati wa salamu. Hatumwamuru mtu kuvua kitu bila kumuuliza. Lugha yetu tunaongea, kwa sauti ya watu wawili. Voisi hatuweki kwa spika hadharani, na anayeiweka mwenzake amguse bega kwa upole na kumwazima iyafoni yake. Sura ya mtu haiingii kwenye kamera yetu bila ya yeye kujua. Na lolote tulilosikia kwa bahati mbaya kwenye simu ya mwingine, kwenye taksi au kwenye foleni, linaishia pale tuliposhukia.

Mwezeshaji, tunajua unasoma hapa, na hatuna ugomvi na wewe. Ulikuja Jumamosi yako ukatukalisha ukatupa muda, wengi hawafanyi hivyo. Karibu tena. Safari hii soda tutanunua sisi, karatasi tutabandika sisi. Wewe njoo na ile kalamu nyekundu, na uje na kitambulisho chako mfukoni. Tutaianza orodha upya, ya kwetu upande mmoja, ya kwenu upande wa pili, na lile neno la mwisho tutaliandika pamoja.